Barua kwa Zaituni: hoteli ya mwisho wa reli

Ujiji, Kigoma
Aprili 12

Shoga yangu Zaituni,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimia sana, kila nikishika simu anauliza kama ni wewe. Mvua bado zinanyesha na udongo mwekundu unaingia na kila mgeni mpaka sebuleni.

Ramani zako zimefika zote. Nilimtuma mwanangu akazichapishe steshenari pale Mwanga, maana ramani ya kwenye simu siwezi kuisoma. Nataka niitandaze mezani, niifuate kwa kidole mlango hadi mlango kama ninavyopita na ndoo asubuhi. Leo ni siku ya tatu ziko mezani. Umeniomba nikuambie bila kukuficha ninavyoiona hoteli hiyo ya bustani ya michezo uliyoichora, itakayojengwa hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika. Wewe ndiye uliyesomea usanifu, mimi ni mtu wa vyumba na mashuka tangu tulipotoka Tabora Girls, huu mwaka wa ishirini na sita. Lakini nyumba za wageni nazijua kwa mgongo wangu, kwa hiyo nisikilize.

Umechora vizuri, Zaituni, ila umechora hoteli ya mahali pengine.

Nianze na ile minara mitatu yenye mapaa ya ncha. Najua si wewe uliyeitaka, ni mwenye fedha, naye ameona picha za Disneyland, zile bustani za michezo za Wamarekani, akapenda. Nimekaa na picha hizo mimi pia tangu uniandikie. Ile hoteli ya Disneyland ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina minara kweli, lakini angalia ilipokaa: iko juu ya lango. Watu wanaokwenda kwenye michezo wanapita chini yake. Jengo lenyewe ndilo mlango, na mtoto anapoliona tu anajua safari imeanza. Kule Tokyo kuna hoteli yao nyingine, MiraCosta, ya mwaka 2001, ambayo imejengwa ndani ya bustani ya michezo yenyewe, ukifungua dirisha unaona bandari yao ya kuigiza hapo chini. Uzuri wa majengo hayo ni kwamba kila jengo liliulizwa lisimame wapi kabla ya kuulizwa livae nini. Wewe minara umeiweka kwenye kona ya maegesho ya magari, wala haina kazi. Hakuna anayepita chini yake, hakuna anayepanda kuangalia kitu. Itakuwa zege la kupaka rangi kila mwaka, na kwa mvua zetu za Oktoba hadi Mei unajua rangi hiyo itakavyofanya ukungu.

Kuna jingine jipya huko Florida, Universal Helios Grand Hotel, lenye vyumba 500, lililofunguliwa Mei 2025 pamoja na bustani yao ya Epic Universe. Limewekwa mwisho kabisa wa bustani na lina mlango wake wa kuingilia kwenye michezo. Aliyelala humo nadhani anafurahi sana, kila kitu kiko chini yake usiku na mataa. Lakini mimi nikiliangalia kwa jicho la aliyesimama chini naona ukuta. Nimekuandikia hili kwa sababu ramani yako nayo ina ukuta. Ghorofa nne, zimenyooka sambamba na barabara, kutoka mpaka mmoja wa kiwanja hadi wa pili. Watu wa mtaa ule wameamka wakiliona ziwa tangu babu zao. Siku hoteli itakapokamilika wataamka wakiona mgongo wake, mabomba ya maji machafu na viyoyozi vinavyodondosha maji. Mwanamke anayerudi na beseni la dagaa kichwani hatajua tena kama ziwa limechafuka au limetulia mpaka afike ufukweni. Likate hilo jengo, Zaituni. Lifanye vipande vitatu au vinne, na kati yake uache njia za upepo na za macho. Hata wageni watashukuru, maana chumba kinachopitisha upepo kutoka ziwani hakihitaji kiyoyozi miezi mingi ya mwaka.

Sasa nikuambie kuhusu hoteli iliyonigusa kuliko zote, na sababu yake utaiona. Inaitwa Disney's Animal Kingdom Lodge, iko Florida, ilifunguliwa mwaka 2001, na aliyeisanifu ni Peter Dominick. Shoga yangu, majina yote ni yetu! Jengo la kwanza linaitwa Jambo House. La pili, la mwaka 2009, linaitwa Kidani Village, kidani kile kile cha shingoni. Migahawa yao ni Boma, Jiko na Sanaa. Mabwawa ya kuogelea yanaitwa Uzima na Samawati. Sehemu moja wanapolisha twiga na pundamilia wameiita Arusha. Nilipoona neno Jiko limeandikwa kwa heshima mlangoni pa mgahawa wa watu wazito nilisimama kidogo, nikamkumbuka bibi yangu na mafiga yake.

Na kazi yao wameijua. Wazo ni moja tu, boma la mifugo, na kila kitu kimelifuata. Jengo limepindwa kama uzio wa boma, vyumba vimefuata huo mpindo, na mtu akitoka kwenye kibaraza chake asubuhi anakuta twiga anakula majani. Huhitaji kusoma kibao ili uelewe. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue kwao.

Usichukue mchanganyiko wao. Pale mapokezi wameweka Ijele, kinyago kikubwa mno cha Waigbo wa Nigeria, chini ya paa la nyasi, ndani ya boma la mtindo wa kusini mwa Afrika, na majina ya Kiswahili ukutani. Kila kimoja kizuri chenyewe, lakini vimepikwa sufuria moja kama vile Afrika ni kijiji kimoja. Wao wako mbali, wanaikumbuka Afrika kwa kukusanya. Sisi tuko penyewe. Nilihuzunika nilipoona kwenye karatasi yako ya nne ngao za Kimasai ukutani, ngoma za Kizulu kwenye baa, na pale mbele ya mapokezi sanamu ya gorila. Gorila, Zaituni! Kigoma hatuna gorila. Tuna sokwe, na sokwe wetu wa Gombe ndio waliompa Jane Goodall jina. Alifika hapa Julai 1960, na mwaka huo huo akamwona yule aliyemwita David Greybeard akivua mchwa kwa kijiti cha nyasi, wakati ambapo watu walidhani ni binadamu tu awezaye kutengeneza chombo na kukitumia. Huko huko Florida, kwenye Mti wa Uhai wa bustani yao ya wanyama, wamemchonga David Greybeard chini kwenye shina. Wamarekani wamemchonga sokwe wa Kigoma, halafu sisi hapa tuweke gorila? Mtoto wa darasa la tatu wa Ujiji atalikosoa sanamu hilo siku ya kwanza.

Umeniuliza kama hoteli ya bustani ya michezo si lazima iwe na kisa chake. Ni lazima, nakubali. Lakini kisa cha hapa kipo na kila mtu anakijua kwa maneno matatu: mwisho wa reli. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa mpaka huku ndani ya makasha, ikaunganishwa na kuteremshwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Hebu fikiria watoto wanacheza kwenye meli ya mbao ambayo wanaweza kuifungua vipande na kuiunganisha tena! Nayo reli ya kisasa inakuja kutoka Tabora, kilomita 506, mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022. Wageni wako watashuka hapo stesheni wamechoka na safari ndefu. Basi hoteli iwe mwendelezo wa hiyo safari. Mgeni aingie kwa mlango mwembamba upande wa barabara, apite baraza ndefu yenye kivuli, dari ya mbao, matofali ya kuchoma bila plasta, aweke mzigo, akate kona, halafu ziwa limfungukie lote kwa mara moja. Nikifumba macho naliona. Kwenye ramani yako mgeni analiona ziwa tangu akiwa getini, kwenye kipande kidogo kati ya genereta na jiko, na akifika chumbani hana tena cha kumshangaza. Tena vyumba 52 kati ya 84 umevielekeza kwenye bwawa la kuteleza! Nimevihesabu mara mbili.

Jambo moja kwenye kisa hicho naomba usikubali hata ukilipwa mara mbili. Ule mchezo wa watoto ulioandikwa "Msafara wa Kale", wa kupanda vigari kutoka Tabora ya kuigiza hadi Ujiji ya kuigiza. Njia ile walipita watu waliofungwa shingoni wakibeba pembe za ndovu. Miembe unayoiona kuanzia huku hadi Tabora inafuata nyayo zao. Ujiji tunaishi juu ya njia hiyo, na nyumba nyingine wanajua babu yao aliletwa vipi. Si kitu cha kupandia bembea. Kama mwenye fedha anataka kuikumbuka, apande miembe na aweke benchi chini yake, watu wakae.

Sasa maji. Bwawa lako la kuogelea liko mita 25 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Lakini hata sheria isingekuwepo, ulikuwa Dar mwaka 2020 na 2021, hukuona. Ziwa lilipanda, likaingia kwenye nyumba za watu wa mwambaoni na bandarini. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yake mengi hupungua kwa kukaushwa na jua. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu, ziwa halina pa kukimbilia isipokuwa juu, kwetu. Mwaka 1964 ilikuwa hivyo hivyo, wazee wanasimulia. Na karo la maji machafu umeliweka chini kabisa ya kiwanja! Lipandishe mlimani, gharama ya pampu ni ndogo kuliko aibu ya kuwachafulia watu maji wanayochota.

Ya wafanyakazi nitayasema kwa ufupi, ingawa ndiyo ninayoyajua zaidi. Stoo ya mashuka iwe kila ghorofa, si moja tu chini. Lifti ya wageni na ya nguo chafu zisiwe moja. Chumba cha kubadilishia nguo wahudumu kiwe na dirisha. Umekiweka chini ya ngazi kama stoo ya mafagio. Vigae vya kung'aa usiviweke popote watoto watakapopita wametoka majini, kwenye hoteli niliyoanzia kazi niliwaokota watoto wawili kwa wiki moja. Na mahali pa kuanikia pawe na paa la kupitisha mwanga, maana Machi shuka linakaa siku mbili halijakauka.

Rangi ya bluu uliyochagua sina neno nayo. Iache ilivyo.

Mwisho ni zile taa kubwa 16 ulizozipanga ufukweni kumulika ziwa usiku. Zitoe, Zaituni, nakusihi. Umesahau ziwa letu linavyokuwa usiku wa giza? Mitumbwi ya dagaa ikishatoka, karabai zamani na sasa taa nyingi za sola, unaona kama mji mzima umejengwa juu ya maji, mpaka hujui taa zinaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Hakuna bustani ya Florida wala Tokyo yenye kitu hicho, nacho hakigharimu hata senti moja. Ukiwasha taa zako 16 mgeni ataona povu la ufukweni tu. Weka taa ndogo za njiani, chini ya magoti, basi.

Naomba uje mwenyewe kabla hujapeleka ramani za mwisho. Njoo wakati wa giza la mwezi, kwenye mbalamwezi wavuvi hawatoki. Uje na futi ndefu, tutapima mita 60 kwa miguu yetu, kisha jioni tukae pale juu ya kiwanja uone ziwa likiwaka. Utalala kwangu, chumba cha mbele nimekiwekea chandarua kipya.

Dagaa kilo tatu na dumu la mawese nimempa kijana wa dada anayekuja Dar kwa treni ya keshokutwa. Mawese yako kwenye dumu la kijani, usimwachie akayaweka juani.

Wako,
Mama Shabani