Risala ya Kikundi cha Walionusurika Sepsisi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, madaktari na manesi mliofika, ndugu zetu mliotuuguza, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Kwanza kabisa tunakushukuru sana kwa kukubali mwaliko na kufika mwenyewe, hukutuma mwakilishi, hilo tumeliona na tunalithamini kutoka moyoni.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilianza na watu sita kwenye benchi nje ya kliniki, kila mtu anasubiri kuonwa na daktari na kila mtu anaamini ni yeye peke yake anayeharibikiwa. Mmoja akavua kofia kwa sababu ya joto, tukaona nywele zimepukutika zimebaki viraka, wa pili akafungua kitambaa chake naye yuko vile vile, basi tukaanza kuulizana ulilazwa lini, uliumwa nini, na wote jibu likawa moja, sepsisi. Historia nyingine imo kwenye faili tutakalokukabidhi.

Mafanikio yetu ni makubwa. Kila tarehe 13 Septemba, Siku ya Sepsisi Duniani, tunaadhimisha bila kukosa. Tunazunguka kufundisha watu dalili: homa kali au mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida, kupumua harakaharaka, moyo kwenda mbio, mkojo kupungua, mgonjwa kuchanganyikiwa, hasa kama ana kidonda, nimonia, maambukizi ya mkojo au ni mama aliyejifungua juzijuzi. Mwenzetu mmoja alimkuta jirani yake anaongea maneno yasiyoeleweka huku anahema kama ametoka kukimbia, hakusubiri kukuche, akamkimbiza hospitali usiku ule ule na leo jirani yule ni mzima. Kwa hiyo tunatamka kwa kujivunia kwamba kikundi hiki kimeokoa maisha.

Labda niseme kidogo kwa ambao hawajaijua. Sepsisi sio yale maambukizi yenyewe, ni pale mwili unapopambana na maambukizi mpaka mapambano yenyewe yanaanza kuumiza viungo vyake, figo, mapafu, moyo, ubongo. Mwaka 2017 peke yake ilikadiriwa watu milioni 48.9 waliugua duniani na milioni 11 wakafariki, yaani karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vilivyotokea duniani mwaka ule. Mwaka huo huo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuzitaka nchi ziikinge, ziitambue na ziitibu vizuri zaidi. Waliofariki tunawaombea, lakini mheshimiwa ukitoa hao milioni 11 kwenye ile hesabu wanabaki makumi ya mamilioni ya watu, na hao ndo sisi tuliokaa mbele yako.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Siku ya kuruhusiwa kila mmoja wetu alipewa dawa na maneno mawili, umepona, kapumzike. Basi. Hakuna aliyetuambia kwamba misuli inaisha ukiwa umelala kule ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, mtu anafika nyumbani ngazi tatu zinamshinda anakaa chini katikati. Hakuna aliyesema kucha zitakatika na ngozi itabanduka, au kwamba utasoma ukurasa mmoja mara nne na bado hujui ulichosoma. Na zile ndoto! Wengi wetu tukiwa mahututi tuliona vitu vya kutisha, mmoja aliona wadudu wanatembea darini wanamshukia usoni, mwingine aliamini manesi wanataka kumuua, na mpaka leo akisikia mlio wowote unaofanana na ile mashine ya pembeni ya kitanda anatokwa jasho. Hayo yote yanajulikana kitaalamu, yana wataalamu wake, lakini sisi tuliyaficha miezi na miezi tukiogopa kuitwa vichaa.

Mimi katibu ninayesoma risala hii nilikuwa nafanya kazi ya hesabu. Asubuhi ya kurudi kazini nilihangaika na kifungo cha juu cha shati mpaka nikachelewa, vidole havina nguvu, mwisho mwanangu akanifungia. Ofisini nikajumlisha safu moja mara tatu nikapata majibu matatu. Bosi alinivumilia wiki mbili.

Tunachoomba mheshimiwa ni kimoja. Chumba kimoja, siku moja kwa wiki, kliniki ya ufuatiliaji kwa waliotoka na sepsisi. Awepo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mshauri nasaha, na nesi wa kuangalia figo, vidonda na dalili za maambukizi mapya, na mgonjwa apewe tarehe ya kliniki kabla hajaondoka wodini. Mashine za gharama hatujaomba. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wazee waliotoka na sepsisi ulionyesha kwamba karibu wanne kati ya kumi walilazwa tena ndani ya siku 90, kwa hiyo huku kurudiwa sio bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja.

Na hapa tunaomba utusamehe tukiongea wazi. Ombi hili sio jipya. Mwaka juzi mgeni rasmi aliyesimama hapo uliposimama alisema hili lihesabuni limekwisha, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma, tukapelekwa kuonyeshwa chumba chenyewe. Mwaka jana mgeni mwingine, naye tunamheshimu sana, akasema liko kwenye mchakato. Chumba kipo, kimejaa vitanda vibovu na mlango una kufuli. Mwenzetu anayetembelea mguu bandia, maana ule wake ulikatwa kwa ugonjwa huu huu, amepanda ngazi kwenda kuulizia mara tatu, na mara zote tatu ameambiwa aje wiki ijayo.

Katika kusubiri huko mama mmoja wa kikundi, mwaka jana alikaa safu ya mbele pale, homa ilimrudia akadhani ni ule uchovu wetu wa kila siku. Alilala nyumbani siku mbili. Hakuwa na kliniki ya kwenda wala namba ya nesi wa kumuuliza. Kiti chake tumekiacha wazi, ndicho hicho chenye kanga.

Mheshimiwa, hatukuombi ahadi, tunazo tayari mbili. Tunakuomba tarehe. Ukurasa wa mwisho wa risala hii tumeacha mstari wa tarehe ya kufungua chumba na mstari wa sahihi yako, hata ukiandika ya mbali tutaipokea, sisi kusubiri tumezoea, ila tujue tunasubiri siku gani. Kalamu iko hapo mezani kwako.

Karibu sana mheshimiwa.