Malalamiko kuhusu deraya ya plastiki mliyoniuzia

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO KATIKA SETI YA DERAYA YA KUUNDA NYUMBANI NA KUKATALIWA KUIRUDISHA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nilinunua kwenu seti kamili ya deraya nyeupe ya kuvaa: dirii ya kifua na ya mgongo, tumbo, makalio, mabega, mikono, mapaja, miundi na chapeo. Vipande viwili vimetoka vibovu na kimoja si cha seti yangu. Nikawaandikia, nikatuma picha, na baada ya danadana ya hapa na pale mtoa huduma wenu akanijibu kwa sentensi moja: "Bidhaa iliyokwishakatwa hairudishwi." Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike barua hii kwako moja kwa moja.

Naomba tuanzie hapo hapo. Bidhaa yenu haiwezi kuvaliwa bila kukatwa. Mnachouza ni mabamba ya plastiki yaliyopashwa moto yakalegea, yakalazwa juu ya kalibu, kisha pampu ikafyonza hewa chini yake mpaka plastiki ikashika umbo. Yanamfikia mteja yakiwa na masalio pande zote, na ukurasa wa kwanza wa kijitabu chenu cha maelekezo unaagiza: kata masalio yote kwanza, ndipo ujaribu kuvaa. Nikafuata agizo. Sasa mnaniambia kwamba kwa kufuata agizo lenu nimepoteza haki ya kulalamika. Kwa utaratibu huo hakuna mteja atakayewahi kurudisha kitu, maana kasoro haionekani mpaka akate, na akishakata mlango umefungwa. Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye sharti kwamba ukilifungua mbuzi ni wako.

Kasoro kubwa iko kwenye dirii ya kifua. Tangazo lenu linasema deraya ni ya plastiki ngumu iitwayo ABS yenye unene wa milimita 2. Kwenye masalio niliyoyakata, kalipa (kifaa cha kupimia unene) inasoma milimita 2 kweli, na katikati ya kifua inasoma milimita 1.6, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Lakini chini ya kwapa, pale umbo linapokata kona kwenda ubavuni, inasoma milimita 0.7. Niliwasha taa nyuma ya kipande hicho nikapitisha mkono. Katikati ya kifua sikuona kitu. Nilipofika kwapani nikaona vidole vyangu vyote vitano kupitia plastiki, hata nafasi kati ya kidole na kidole.

Siyo kwamba sielewi inavyotokea. Bamba likivutwa juu ya kalibu, eneo linaongezeka na plastiki ni ileile, hivyo unene lazima upungue, na hupungua zaidi penye kina na penye kona kali. Hilo halikwepeki, ila linadhibitika. Mafundi wa kazi hii huanza na bamba nene zaidi kwa vipande vyenye kina. Hulipuliza bamba lililolegea livimbe kwanza kabla ya kulishusha kwenye kalibu, ili livutike kila mahali kwa kiasi kinachokaribiana. Huviringa kidogo kona za kalibu. Hupasha moto bamba zima badala ya kuacha sehemu moja iwe laini na nyingine ngumu. Mojawapo ya haya lingetosha kuniletea dirii inayovalika. Kipande kilichobaki na theluthi moja tu ya unene wake kilipaswa kukataliwa kiwandani na mtu mwenye kalipa na dakika moja ya kazi.

Mtoa huduma wenu alijitetea kwamba "milimita 2" ni unene wa bamba kabla halijaingia kwenye mashine. Basi andikeni hivyo kwenye tangazo. Mtu anayenunua kitu cha kuvaa akisoma unene, anaelewa unene wa kile kitakachokaa mwilini mwake.

Matokeo yake ni haya. Nilifunga mikanda ya mabegani, nikaunganisha kifua na mgongo kwa lastiki za pembeni, nikavaa. Nikainama kuokota mkasi. Nikasikia mlio mkavu chini ya kwapa la kushoto, na nilipovua nikakuta ufa umeanzia kwenye ile kona nyembamba, ukashuka urefu wa kidole kuelekea kiunoni. Sikuanguka wala sikujigonga popote. Kuinama ni jambo ambalo mvaaji wa deraya hulifanya kila mara, kwa sababu akishavaa hawezi kuona miguu yake vizuri na kila kitu kinachodondoka kinahitaji kuinamiwa kwa mwili mzima.

Baada ya hapo kila nilipouliza niliongezewa sababu mpya. Kwanza niliambiwa nimeiunguza plastiki kwa joto. ABS huanza kulegea karibu na nyuzi joto 105 za Selsiasi. Mimi nilikunja kingo za vigasha na za mapaja kwa kuzichovya kwenye maji ya moto, kama kijitabu chenu kinavyoelekeza, na maji hata yakitokota hayapiti nyuzi 100. Tena dirii haijaguswa na joto lolote: angalieni picha, hakuna bubujiko juu yake, hakuna sehemu iliyopoteza mng'aro, hakuna ukingo uliojikunja. Nikaambiwa basi ni gundi. Gundi ipi? Kwapani hakuna kiungo, hivyo hakuna tone la gundi kwa umbali wa kiganja kizima kuzunguka ule ufa.

Na kwa kuwa gundi mmeitaja wenyewe, niseme. Kile kichupa mlichoweka ndani ya kifurushi ni gundi ya papo kwa papo, ambayo ikikauka inakuwa ngumu isiyopinda. Viungo vya vazi linalotembea vinahitaji gundi inayobaki na unyumbufu, hata kama itachukua siku nzima au zaidi kushika, kwa sababu paja na kigasha hupindishwa kila hatua. Faida nyingine ya gundi nyumbufu ni kwamba ukiona kiungo kimekaa upande, unakibandua taratibu bila kurarua plastiki. Kichupa chenu sikukitumia. Nilinunua gundi nyingine kwa pesa yangu, na hilo nalisamehe.

Yapo watu watakaosema ufa unazibika, na ni kweli. Vipande vya masalio vikiyeyushwa kwenye asetoni hutoa uji mzito wa plastiki ileile, unaupaka kwenye ufa, unabandika kibamba kwa ndani, ukikauka unapiga msasa, mwanya haujulikani ulikuwa wapi. Nimefanya hivyo kwenye pengo dogo la paja, dirisha likiwa wazi maana mvuke wake si wa kuvuta. Lakini uji huo unahitaji plastiki yenye mwili wa kuushika. Kwenye milimita 0.7 asetoni inaweza kulegeza eneo lote likajikunja kabla halijakauka. Na zaidi ya hayo, sikununua dirii mpya ili nianze kuitia viraka kabla sijaivaa mara moja.

Sasa miundi. Kila muundi una nusu mbili, ya mbele na ya nyuma, na ndani ya kila nusu mmeandika kwa kalamu ya wino "kulia" au "kushoto". Kabla ya kukata, nusu hizo zote zinafanana: masalio yamezizunguka na jicho halina pa kushika. Nilipokwisha kukata kingo nikazishikanisha kwa utepe wa karatasi, bila gundi, muundi wa kushoto ulikaa vizuri kabisa. Wa kulia ukagoma. Juu, karibu na goti, kulibaki mwanya unaoingiza kidole, na chini kwenye kifundo nusu moja ikapanda juu ya nyingine. Nikazigeuza, nikazibadilisha, wapi.

Nilipoziweka zile nusu mbili za nyuma kando kwa kando nikaona tatizo. Uvimbe wa shavu la mguu unaangukia upande uleule kwa zote mbili, wakati mguu wa kulia na wa kushoto unapaswa kutazamana. Na kwa ndani, vidole vinne hivi kutoka ukingo wa chini, zote zina alama ileile ndogo iliyopinda, ambayo haiwezi kutoka popote isipokuwa kwenye kalibu. Kwa lugha nyepesi, mmenitumia nusu mbili za nyuma za mguu wa kushoto, mojawapo ikiwa imeandikwa "kulia" kwa mkono wa mfanyakazi wenu. Nilijaribu kutembea nayo hivyo hivyo ndani ya nyumba: muundi unajizungusha taratibu kuelekea ndani, na kila hatua ukingo wake unagonga mfupa wa kifundo cha mguu.

Hapa hata lile sharti lenu la kukata halina mashiko. Nusu hii haikuwa nzima kabla sijaikata. Ilikuwa si yangu tangu siku ilipowekwa kwenye boksi.

Mengine nitayapita haraka. Vibamba vya kufunikia viungo vya miguu vina upana wa milimita 20, maana yake kila upande wa kiungo unahitaji ubapa wa milimita 10, ilhali kwenye mapaja ubapa mliouacha ni milimita 6, na kibamba kinakaa kikiwa kimeinuka pembeni. Nimelazimika kuvichonga vyote upya. Weupe wa chapeo si weupe wa mwili: chapeo inavuta kwenye umanjano. Najua ABS hugeuka manjano ikipigwa na jua kwa muda mrefu, na mtoa huduma wenu aliniambia hivyo hivyo, lakini chapeo imekaa kwenye boksi lake, na hata ndani, ambako jua halifiki, rangi ni ileile. Bila shaka ilitoka kwenye bamba la shehena nyingine. Kwa haki niseme pia kwamba chapeo hiyo imeumbwa vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye seti, mistari yake imekaa sawa na unene wake hauyumbi. Ndiyo maana nashangaa. Fundi aliyeitoa angeitoa na dirii vilevile.

Mmenipa ofa ya punguzo kwenye oda nyingine. Sitaki. Punguzo la kununua tena kitu kutoka kalibu ileile, kwa masharti yaleyale, linaniongezea hasara nyingine juu ya hii niliyonayo.

Ninachodai ni dirii mpya ya kifua ambayo mmeipima wenyewe kwapani kabla ya kuifunga, na isiwe chini ya milimita 1.2 mahali popote, nusu ya nyuma ya muundi wa kulia iliyotoka kwenye kalibu ya kulia, na chapeo inayolingana rangi na hiyo dirii. Gharama ya kuvisafirisha vipande hivyo iwe juu yenu, na kama mnataka vibovu virudi, gharama ya kuvirudisha pia. Iwapo hamna uwezo wa kunipa hayo, nirudishieni fedha zangu zote, maana seti isiyo na kifua wala mguu wa kulia haivaliki, na sehemu zilizobaki hazina matumizi mengine nyumbani kwangu.

Jambo la pili linawahusu wateja wengine. Lile sharti la "iliyokwishakatwa hairudishwi" libadilishwe. Sina tatizo na kampuni kukataa kipande ambacho mteja amekata kupita mstari, kosa la mkasi ni la mwenye mkasi. Lakini unene hafifu, kipande cha upande usio wake na rangi zisizolingana havitokani na mkasi. Sharti linaweza kutenganisha mambo hayo kwa sentensi mbili. Na kwenye kila kipande choreni mstari wa kukatia, ili siku mteja akilalamika muweze kuona mara moja kama aliuvuka au hakuuvuka.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua, maana mtoa huduma wenu ameshaniambia mara kadhaa kwamba hana uwezo wa kuvuka sharti. Nisipopata jibu nitapeleka shauri hili kwa chombo cha kulinda walaji, pamoja na majibu yote matatu yanayopingana niliyopewa.

Nimeambatisha picha za ufa, za vipimo vya kalipa zikionyesha namba, na za nusu mbili za muundi zikiwa kando kwa kando na ile alama ya kalibu imezungushiwa duara. Vipande vyenyewe ninavyo, na masalio yote niliyoyakata pia ninayo yakiwa na alama za kipande yalikotoka. Mkitaka kutuma mtu kuvikagua, aje na kalipa yake.

Mteja wenu,

(Jina, namba ya simu na namba ya oda vimo kwenye fomu iliyoambatishwa.)