Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Kwanza Brunswick Square

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Mambo ya misiba, sherehe na madarasa mtayasikia kwa katibu, na hesabu atazisoma mhazini. Mimi mwaka huu nazungumzia nyumba, kwa kuwa tangu tuhamie hapa Hove, mji wa pwani jirani na Brighton, kusini mwa Uingereza, maswali yenu mengi yamekuwa juu yake, na mengine mmeyauliza kwa uchungu. Mbona hatubadilishi madirisha? Mbona hatubomoi ukuta wa katikati tupate ukumbi? Mbona tunatafuta fundi wa chokaa na saruji ipo?

Nyumba hii ni ya miaka ya 1820. Mtaa wa Brunswick ulichorwa na msanifu Charles Busby kwa ajili ya matajiri waliovutwa na pwani ya Brighton, ambako mwana wa mfalme George, aliyeshika madaraka kwa niaba ya baba yake mgonjwa kuanzia 1811 hadi 1820, alikuwa na kasri lake. Busby aliwajengea wenye fedha, naye akafariki 1834 akiwa amefilisika.

Mpangilio wa ndani unaonyesha nani alikuwa nani. Sebule ya wageni ilikuwa ghorofa ya kwanza, yenye madirisha marefu kupita yote na roshani ya chuma. Watumishi walilala juu kabisa, chini ya paa, na kufanya kazi chini ya usawa wa barabara. Chumba chetu cha mikutano kilikuwa cha kulia chakula. Watoto wetu wanasoma Kiswahili palipokuwa na jiko, na mimi napenda sana kwamba ndivyo ilivyo.

Sasa kuta. Ukisimama barabarani unadhani ni mawe ya kuchonga. Sivyo. Ni plasta iliyopakwa rangi ya malai, rangi moja kwa uwanja mzima wa Brunswick Square, na sheria inataka ipakwe upya kila miaka 5. Nyuma ya plasta kuna mchanganyiko ambao mafundi wa hapa huuita bungarushi: mawe ya gumegume, vipande vya matofali, kokoto na chokaa. Mliokulia Mji Mkongwe au Lamu, katika nyumba za mawe ya matumbawe, mnaijua tabia ya ukuta wa namna hii. Hunywa maji na lazima upate pa kuyatolea. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani na chokaa hulegea. Waliopanga kabla yetu walipiga saruji ukuta wa nyuma wa besimenti, kule chini lilipo darasa. Tulipoibandua, chokaa iliyokuwa nyuma yake ilichotwa kwa mkono kama mchanga wa ufukweni. Fundi ameipiga upya kwa chokaa, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lilisubiriwa likauke taratibu. Ndiyo maana darasa lilihamia juu kwa muda. Nawashukuru wazazi kwa subira yenu.

Madirisha hatuyabadilishi. Yananing'inia kwa kamba na vizito vilivyofichwa ndani ya fremu, na pembeni mwake zimekunjwa mbao za kufungia usiku, ambazo rangi ya miaka mingi ilikuwa imezigandisha. Zimeshafunguliwa. Zikifungwa jioni baridi inapungua, na tunaomba kibali cha kuongeza kioo cha pili kwa ndani.

Kibali si jambo la hiari. Nyumba za uwanja huu zimeorodheshwa daraja la kwanza kati ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria, na kuzibadilisha bila idhini ni kosa la jinai. Hata hivyo ukumbi tutaupata. Kati ya chumba cha mbele na cha nyuma palikuwa na milango mipana ya kufunguliwa siku za karamu, na mahali pake pamezibwa kwa mbao tu. Tukiruhusiwa kupafungua, vyumba viwili vitakuwa kimoja bila kugusa ukuta.

Wanaosema nyumba hizi ni mzigo wajue kwamba mwaka 1945 halmashauri ya Hove ya wakati huo ilitaka kuzibomoa, zijengwe za kisasa. Antony Dale na wenzake wakaunda chama cha kutetea majengo ya zamani, Regency Society, wakapinga mpaka mpango ule ukaachwa. Nyumba jirani, namba 13, inakarabatiwa iwe makumbusho. Nendeni mkaione.

Jambo moja halijanipa usingizi: ngazi za mlangoni. Wazee wetu wawe wanabebwa kuingia kwenye chama walichokianzisha? Hapo siukubali uzuri wa jengo uwe sababu. Njia ya mteremko inaweza kuwekwa bila kuharibu mawe ya zamani, na kamati imekubali iombewe kibali kabla ya milango ya karamu.

Leo tunahitaji kura zenu kwa maombi yote matatu. Watakaojitolea kukwangua rangi kwenye mbao za madirisha waandikishe majina kwa katibu kabla ya kuondoka.