Mdogo wangu, soma hii hata kwa kujificha

Naandika hapa kwa sababu namba yako haipatikani tangu mwezi wa tatu, na nikituma mtu hapo getini kwenu anaambiwa uko kwenye maombi.

Kwanza niwape haki yao hao watu wa kanisa lako jipya. Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue 2024, 15 Mei mpaka 15 Agosti, pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, dagaa hakuna na we ndo ulikuwa unakula humohumo, sisi ndugu zako tulikuwa tunakupa pole za kwenye simu tu, wao walikuja na unga na mawese wakakaa chini wakakusikiliza. Nilifurahi kabisa, nkasema afadhali kapata watu.

Ibada ikawa jumapili, ikaongezwa jumatano, mkesha wa ijumaa, mwisho kila alfajiri. Ukaacha kwaya ya kule tulikobatizwa eti wana roho ya dunia (mama anaililia sauti yako mpaka leo). Ukaenda kuungama kwa "Baba", huyo kiongozi wenu, mambo ya ndani kwako, wiki iliyofuata akayasema madhabahuni bila kutaja jina ila kila mtu alijua ni we. Nadhani hapo ndo ulianza kumwogopa, ukadhani ni kumheshimu. Cherehani ukauza, hela ukatoa sadaka ukaita mbegu. Na shangazi alipofariki Ujiji ulikuja saa moja tu na yule mama wa kanisani kakuganda mpaka mlango wa choo, tunarudi makaburini mshaondoka. Shangazi aliyekulea jamani!

Najua nikitaja wale wa msitu wa Shakahola kule Kenya utasema wale walikuwa vichaa. We, wale walikuwa watu kama sisi, Paul Mackenzie alikuwa na kanisa lake hapo Malindi watu wanaenda wanarudi nyumbani kupika, kwanza wakatoa watoto shule, hospitali wakaikataa, porini na kufunga mpaka kufa kulikuja baadaye sana, na kuanzia 2023 walipofukua makaburi miili ikapita 400, watoto wadogo kibao. Kanungu ya Uganda nayo, waumini waliuza mali wakaambiwa dunia inaisha 31 Desemba 1999, ikapita, ikatafutwa tarehe nyingine, na 17 Machi 2000 kanisa likaungua na mamia ya watu ndani.

Sisemi "Baba" wenu ni muuaji, simjui. Ila niambie, kuna mtu alishawahi kumuuliza hela za sadaka zinaenda wapi halafu akabaki? Yule kijana wa kinanda aliuliza, na we mwenyewe ndo uliniambia mmekatazwa hata kumsalimia mkikutana naye sokoni Mwanga. Ukaniambia kwa sauti ya chini, tuko wawili tu jikoni kwangu, sijui ulikuwa unamwogopa nani mle ndani.

Kusali we sali, na kama wale wakina mama wa mkesha unawapenda wapende, sikugombezi kwa hilo na nilikosea siku ile kukutukania kanisa mbele ya watoto, nisamehe.

Cherehani nimeikomboa kwa yule mama wa Gungu, kanilalia bei lakini basi. Nimeiweka chumbani kwako pale dirishani. Ukipata upenyo hata saa nane za usiku we panda boda uje, hela yake atalipwa hapa mlangoni.

Dada yako