Barua kwa mwanangu anayepanda Eldoret

Achieng mwanangu,

Habari ya safari yako nimeipata kwa ndugu yako Otis, si kwako. Hiyo tutaiongea ukija nyumbani. Amenionyesha kwa simu yake ile bajeti mlipanga na wenzako, nauli, chumba, chakula, na picha za ile loji ya mlimani upande wa Iten na baraza yake inayoangalia bonde la Kerio. Nimesoma yote polepole. Na hapo penye mmeandika kwamba chumba hakina hita lakini usiku wanaleta jiko la makaa bila malipo, hapo ndipo usingizi wangu uliishia.

Usilale na jiko ndani ya chumba. Hata kama ni baridi aje, hata kama wenye loji wanasema wageni wote hufanya hivyo, usilale nalo.

Mimi nauza makaa, na makaa hayo ndiyo yamekusomesha mpaka hapo, kwa hivyo usiniambie mama anaogopa kitu hajui. Jiko likiwashwa linatoa moshi, macho yanawasha, watu wanakohoa, kila mtu anajua huo moshi ni mbaya na ndio maana tunawasha nje. Shida inakuja baadaye. Makaa yakishashika, yamekuwa mekundu, moshi umeisha, mtu anasema sasa ni safi tuingize ndani. Ni hapo hapo yanatoa ile hewa inayoua watu, kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Nilimuuliza nesi wa kliniki ya hapa kwetu akanieleza vizuri: ukiivuta inaingia kwa damu inashika pale oksijeni ilipaswa kukaa, na inashika kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, basi damu inazunguka mwilini lakini haijabeba kitu. Mtu analegea, anasinzia, na kwa sababu ni usiku na alikuwa amelala hajui kama huo usingizi sio wake.

Kila mwaka ikifika huu msimu wa baridi, kuanzia Juni mpaka Agosti, redio inatangaza maneno yale yale, mara ni familia, mara ni vijana walikuwa wameenda tu kutembea. Na wewe unajua ile nyumba ya nyuma ya kanisa. Siandiki zaidi juu ya hiyo.

Najua utaniambia sisi pia tulikuwa tunaingiza jiko mvua ikinyesha. Ndiyo. Ile nyumba ya zamani ilikuwa na mianya kati ya ukuta na mabati ungeweza kupitisha mkono, hewa ilikuwa inaingia na kutoka usiku kucha, na sio kwamba nilikuwa nimepima hiyo mambo. Chumba cha loji ya mlimani kimejengwa kuzuia baridi. Dirisha la kioo, dari ya mbao, mlango umeziba mpaka chini, pengine na zulia. Hicho sio chumba cha kulinganisha na kwetu.

Wengine watakwambia weka beseni ya maji kando ya jiko, maji yatavuta sumu. Hayavuti. Wengine watasema funikeni makaa na jivu yawake polepole, lakini makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha ndio yanatoa hiyo hewa mbaya zaidi. Wengine watasema tutaacha dirisha wazi kidogo, na saa nane ya usiku mmoja wenu atasikia baridi aamke alifunge, wala hata hatakumbuka. Hakuna njia nzuri ya kulala na jiko. Mkitaka kuota moto oteni nje kwenye baraza mkiongea, kisha liacheni huko huko nje mkienda kulala, na msilisogeze chini ya dirisha.

Tena fikiria urefu wa huko. Sisi hapa Kisumu tuko mita kama 1,130 juu ya bahari, Eldoret ni kama 2,100, Iten inafika 2,400. Hewa ya huko ni nyepesi, oksijeni ni kidogo kuliko ile umezoea, na ndiyo hao wakimbiaji wa dunia nzima wanaenda kuitafuta ili mwili uongeze damu. Sasa mtu ametoka ziwani leo asubuhi, jioni kichwa kinamuuma kidogo, anasema ni safari, ama ni huko juu hajazoea, anameza Panadol analala. Na kumbe ni jiko. Kichwa, kizunguzungu, kutapika, miguu kukosa nguvu, hizo ndizo dalili zake na zinafanana na uchovu wa njia. Kitu cha kuangalia ni hiki, kama mko wanne kwa chumba na kichwa kinawauma wote, na ukitoka nje unapata nafuu, hiyo sio safari. Fungueni mlango, tokeni wote, msibishane. Mtu akiwa hawezi kuamka mburuteni mpaka nje, mtafute gari la kwenda hospitali mara moja, Eldoret kuna Moi Teaching and Referral, anahitaji kupewa oksijeni. Msikae hapo mkimnywesha maziwa ati yanatoa sumu. Hiyo sumu iko kwa damu, haiko tumboni.

Sasa bajeti. Niseme ukweli, mmepanga vizuri kuliko vile nilitarajia, na wewe ndio uliandika, najua mwandiko wako hata ukiwa kwa simu. Umetenga mpaka pesa ya dharura. Shangazi yako wa Kondele nimemwonyesha akasema huyu ni mtoto ako na akili ya pesa. Na umejiwekea hiyo akiba mwenyewe kwa kuchapia watu kazi pale saiba, hukuniomba hata nauli. Nimefurahi. Pia imeniuma kidogo kwamba hukuniomba, ingawa nikikumbuka venye nilijibu ile mambo ya trip ya fomu three naelewa.

Lakini mmekosea mahali pamoja, mmechukua chumba cha bei ya chini kabisa mkaweka pesa nyingi kwa nyama choma. Baridi ya huko ni ya usiku, mchana jua linawaka vizuri mpaka mnadanganyika, kisha mwezi huu jioni mvua inanyesha na usiku joto linashuka mpaka nyuzi 10 ama chini ya hapo. Hujawahi kulala kwa baridi kama hiyo, wewe umekua na neti na dirisha wazi. Punguza nyama siku moja, hiyo pesa ilipe blanketi za ziada. Ama fanyeni hivi, laleni Eldoret mjini, karibu na steji, halafu mchana mpande matatu mwende Iten, ni kama kilomita 35 tu, mtaliona lile lango lililoandikwa kwamba hapo ndipo nyumbani kwa mabingwa, mtaliona bonde, mtawaona wakimbiaji kwenye ile barabara ya vumbi mkiwahi asubuhi, jioni mrudi. Mjini loji ni nyingi mnaweza kuchagua na kubishana bei. Tangu Eldoret ifanywe jiji Agosti 2024 watu wanasema bei zimepanda, lakini wewe unajua kubishana, hiyo umerithi.

Mkiamua kukaa kule juu, basi kabla hujatuma hata shilingi piga simu, usiandike meseji, piga, uongee na mtu. Uliza blanketi ngapi kwa kitanda, na kama wanaongeza ni pesa ngapi. Uliza dirisha linafunguka ama limepigiliwa misumari. Uliza maji moto yanatoka wapi, kwa sababu kuna mahali wanaweka mtungi wa gesi wa kuchemsha maji ndani ya bafu isiyo na tundu la hewa, na hiyo inaua vile vile kama jiko. Kama ni shawa ya umeme vaa patipati ukiingia, na ukiona nyaya ziko uchi ama ukiguswa na shoti kidogo, omba maji ya ndoo. Kisha mwambie huyo mtu wazi kwamba nyinyi hamtaki jiko chumbani, mnataka blanketi badala yake. Akishangaa, mwache ashangae. Na msitume pesa yote kwa namba ya mtu binafsi, tumeni kidogo ya kushika chumba, nyingine mlipe mkishaona kwa macho.

Beba soksi nzito jozi mbili, moja ya kulala tu. Beba marvin, ile kofia ya sufu, najua hupendi venye inakaa kwa nywele, vaa usiku hakuna mtu anakuangalia. Ile sweta yako ya shule bado iko, sijaigawa. Ile chupa ya mpira ya maji moto iko kwa sanduku langu, nitaituma na Otis Ijumaa pamoja na blanketi la kijani nimeshaliosha. Jaza chupa maji moto, usijaze mpaka juu, toa hewa, funga, zungushia leso, weka miguuni. Miguu ikipata joto mwili wote unalala. Kula kitu cha moto kabla ya kulala, uji ama chai ya maziwa. Na pombe isikudanganye kwamba inaleta joto, mtu akinywa anasikia moto kwa ngozi na joto la mwili ndio linatoka hivyo. Sijasema unakunywa. Nasema hao wenzako siwajui wote.

Huyo Brian ni nani? Otis amekataa kuniambia.

Pandeni matatu ya asubuhi, ile inayopitia Chavakali na Kapsabet, mfike kukiwa mchana. Ile barabara ya kupanda Nandi ina kona na asubuhi mapema kunaweza kuwa na ukungu, kwa hivyo sio lazima ile ya saa kumi na moja, hata saa mbili ni sawa. Na usikubali gari la usiku kwenda wala kurudi. Kelvin Kiptum alikuwa ndio anashika rekodi ya dunia ya marathoni, na barabara za huko huko upande wa Kaptagat zikamchukua Februari 2024, usiku, yeye na kocha wake. Nilimlilia yule kijana kama wa kwangu.

Mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwa kibuyu, onja, usidharau chakula cha watu. Wanasugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti wanaouita senetwet kabla ya kuweka maziwa, ndio unaona ile rangi ya kijivu. Ukiweza niulizie wanachoma huo mkaa namna gani, mama mmoja sokoni aliniambia lakini tulikuwa na wateja hatukumaliza.

Huku hatujambo. Bei ya gunia imenisumbua tena, tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 haijawahi kurudi venye ilikuwa, hata baada ya serikali kufungua misitu 2023, na wateja wananunua kwa mkebe tu siku hizi, wengi wameenda kwa gesi. Sijakata tamaa, nimeanza kuuza na mafuta ya taa kando. Gata la nyuma la maji ya mvua limeanguka upande mmoja, maji yote yanamwagikia ukutani, fundi ameniahidi Jumamosi na Jumamosi mbili zimepita. Babako amesema atapanda kulirekebisha mwenyewe, nimemkataza na goti lake lile. Jirani amerudisha sufuria kubwa ikiwa na kutu, sijamwambia kitu.

Otis anataka raba za kukimbia, ati ukienda Iten umletee. Nimemwambia mitumba ya Kibuye ni ile ile na huko watamuuzia bei ya mgeni. Anavaa namba saba, sasa amekua. Lakini hiyo ni kati yako na yeye, usivunje pesa ya blanketi kwa sababu ya raba.

Hao wenzako watatu wasomee hii barua, ama uwape simu niwaambie mwenyewe, kwa sababu wewe ukikubali na mmoja wao akiliingiza jiko ukiwa umelala itakuwa ni kazi bure. Na mkishafika usiniandikie tu "tumefika salama". Nipigie ukiwa ndani ya chumba, usiku, kabla ya kulala, uniambie jiko liko wapi. Simu yangu nitaiacha na chaji, hata ikiwa saa tano nitashika.

Pesa ya blanketi nimetuma mia tano kwa M-Pesa sasa hivi, usinirudishie kama ile ya mwezi uliopita. Piga hiyo simu ya loji leo, kisha uniambie wamesema nini juu ya dirisha.

Ni mimi mamako.