Risala ya Klabu ya Fizikia ya Anga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuungana nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa, mwaka huu tumezama katika aurora, yaani nuru za angani za karibu na ncha za dunia, na hasa zile zinazopwita: mabaka hafifu ya nuru yanayowaka na kufifia kila baada ya sekunde chache, aghalabu baada ya usiku wa manane, kimo cha kilomita 100 hivi juu ya nchi kama Norwe na Ufini. Wengi huzipuuza kwa kuwa hazina madaha ya zile aurora za kijani zenye umbo la pazia za kwenye kalenda. Sisi tunazipenda hizi.

Chanzo chake ni elektroni zenye nishati ya makumi ya kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Mbali angani, karibu na ikweta ya uga wa sumaku wa dunia, mawimbi ya sumakuumeme yaitwayo korasi huzitikisa zikamwagika kuelekea kwenye angahewa, ambako hugonga nitrojeni na oksijeni na kuzifanya zitoe nuru. Arase, satelaiti ya Japani iliyorushwa mwaka 2016, ilizinasa zikitikiswa hivyo. Lakini satelaiti huona pale inapopita tu. Kamera ya ardhini hukesha ikitazama anga zima.

Kwa picha ambazo vituo vya nchi hizo za kaskazini huziweka wazi, tulichagua baka moja tukachora grafu ya mwangaza wake. Katika nuru ya bluu ya nitrojeni, mstari ulipanda ghafla, ukabaki juu, na huko juu ukaota meno madogo, kama matatu kwa sekunde. Katika nuru ya kijani, baka lilelile lilikuwa laini, meno karibu yote yamefutika, kwani oksijeni huweza kuchelewa sekunde 0.7 kabla ya kutoa nuru yake. Na meno ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta, maana ni nyayo za mawimbi yenyewe.

Kimo nacho hupimwa kwa kamera mbili zilizowekwa mbalimbali. Elektroni yenye nguvu zaidi huzama chini zaidi. Zile kali mno hufika hata kilomita 70, ambako huchangia kupunguza ozoni.

Changamoto yetu ni nafasi ya kuhifadhi picha na uwezo wa kompyuta. Kamera ipigayo picha 100 kwa sekunde hutoa picha 360,000 kwa saa, na kompyuta yetu moja hugoma kabla hata ya kuzifungua zote. Tunaomba utusaidie kupata diski kubwa za kuhifadhia na kompyuta ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.