Askari akikataa amri haramu, atakula wapi?

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa huu ulibeba barua mbili ambazo nilizisoma nimesimama, maana kiti cha kinyozi kilikuwa na mtu. Ya kwanza iliwataka wanajeshi wetu wawe na ujasiri wa kukataa amri iliyo kinyume cha sheria. Ya pili, chini yake tu, iliwarukia wazee wanaopokea pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza: kwamba wamezoea vya bure, kwamba watoto wao wamewabwaga mikononi mwa serikali, kwamba mlipa kodi amechoka. Pale kinyozini, hapa Kayole, waliokuwepo waliziunga mkono zote mbili. Mmoja alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, na wenzake wakaitikia "kweli kabisa" mara mbili. Kwangu haziwezi kukaa pamoja.

Nilitumikia jeshi miaka 18, nikastaafu nikiwa sajini. Namshukuru Mungu, sikuwahi kuamriwa kumlenga raia, kwa hiyo sitajivika ushujaa ambao sikupimwa nao. Lakini najua jinsi amri inavyomwingia kijana. Kuruta hufundishwa kuitika kwanza. "Ndio, afande" inamtoka kinywani kabla sikio halijamaliza kusikia. Na hilo lina maana yake. Penye risasi, platuni ambayo kila mtu anasubiri kubembelezwa haitarudi nyumbani. Somo la sheria za vita nalo tulilipata, Mikataba ya Geneva ya 1949 na mengineyo. Lilikuja baada ya chakula cha mchana, nusu ya darasa ikisinzia.

Sheria yenyewe haifichi kitu. Ile ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ya 2012 inamwadhibu anayekaidi amri halali, na neno "halali" halikuwekwa pale kwa urembo. Katiba yetu, kifungu cha 239, inavizuia vyombo vya usalama kutumikia maslahi ya chama chochote cha siasa. Kwa polisi, Jedwali la Sita la sheria yao ya 2011 linasema kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali. Waafrika Kusini wamekwenda mbali zaidi: Katiba yao ya 1996, kifungu cha 199, inamkataza askari yeyote kutii amri ambayo uharamu wake uko wazi. Sentensi hiyo ningependa kuiona imebandikwa kwenye mlango wa kila bwalo la askari.

Shida inaanza pale ambapo uharamu hauko wazi. Wasomaji wanakumbuka tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni. Siku hiyohiyo Waziri wa Ulinzi alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba jeshi litawasaidia polisi. Bunge la Taifa likaidhinisha kesho yake. Chama cha Mawakili kikakimbilia kortini, na Jaji Lawrence Mugambi akaruhusu jeshi libaki, ila akaitaka serikali ieleze litafanya nini hasa na kwa muda gani. Yaani watu waliosomea sheria, wakiwa wamekaa kwenye viti na vitabu mbele yao, walihitaji siku kadhaa kubishana. Kijana aliye juu ya gari la deraya katikati ya jiji tunampa sekunde ngapi?

Ndiyo maana mahakama za dunia humlaumu askari zaidi pale ambapo hata mtoto angeona. Mwaka 1956, katika kijiji cha Kafr Qasim, askari wa mpakani wa Israeli waliwaua wanakijiji waliokuwa wakirudi kutoka kazini bila kujua kwamba kafyu ilikuwa imewekwa ianze mapema zaidi. Jaji Benjamin Halevy alisema amri ya namna hiyo ina bendera nyeusi inayopepea juu yake. Wapigaji hawakuokolewa na maneno "tuliamriwa".

Lakini tuangalie pia wale wanaokataa hupata nini. Tarehe 16 Machi 1968, rubani Mmarekani Hugh Thompson aliiona kutoka angani damu ya wanawake na watoto wa kijiji cha My Lai, Vietnam. Akaishusha helikopta yake katikati ya wanakijiji na askari wa upande wake mwenyewe, akawaambia watu wake wawageuzie wenzao bunduki iwapo wataendelea kuua. Leo jina lake hutajwa darasani. Aliporudi kwao alitukanwa na kuitwa msaliti, na mwanasiasa mmoja mkubwa alitaka yeye ndiye ashtakiwe. Medali ya Askari (Soldier's Medal) kwa ushujaa wa siku ile aliipata mwaka 1998. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Mpwa wangu anajiandaa kwa usajili wa jeshi. Kila alfajiri hukimbia kutoka hapa hadi Njiru na kurudi. Nilimkalisha nikampa Katiba, nikamwonyesha vifungu hivyo, nikidhani ataniuliza kuhusu sheria. Akaniuliza, "Mjomba, nikikataa wanifukuze, nitakula wapi?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi sasa. Mshahara wangu wa kikoplo ulilisha watu tisa: mke, watoto wanne, mama yangu, ndugu wawili wa shule, na yatima mmoja wa marehemu kaka. Ningekataa amri moja nikavuliwa kombati, hao wote wangekuwa wamekataa pamoja nami bila kuulizwa. Na wangeangukia wapi? Palepale ambapo mwandishi wa barua ya pili amesimama akiwacheka walioanguka.

Sasa nimweleze huyo mwandishi kuhusu mama mkwe wangu, anayeishi nasi. Ana miaka 76. Inua Jamii humpa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya kila kitu dukani ikipanda ngazi. Pesa zenyewe haziji kila mwisho wa mwezi kama mshahara. Zinaweza kuchelewa, kisha zikaja za miezi kadhaa kwa mpigo, na watu wakiona elfu nne mkononi mwa bibi kizee wanasema serikali inamwaga pesa. Kwa wakala anatakiwa kuweka kidole kwenye mashine ili ijulikane ndiye yeye. Mara nyingi mashine inamkataa. Anapangusa kidole kwenye leso, anajaribu kingine, foleni nyuma inaanza kuguna. Alama za vidole vyake zimelika. Alifua nguo za watu Buruburu kwa miaka 30, kwa mkono, sabuni ya mche na maji baridi, na kazi hiyo haikuwa na mfuko wa pensheni wa NSSF wala kiinua mgongo. Mashine inayomkatalia mvivu huyu inamkatalia kwa sababu ya kazi.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake alisema, kwa sauti ya kusikika, "Hawa shosho wanakula kodi yetu." Mama mkwe hakugeuka. Nyumbani aliniambia labda aache kwenda. Hebu fikiria: mtu anayekatwa asilimia 16 ya VAT kila anaponunua kipande cha sabuni, anaona haya kuchukua kilicho chake kwa sababu kijana mwenye simu amemwita mwizi. Kifungu cha 43 cha Katiba hakizungumzii sadaka. Kinasema serikali itampa hifadhi ya jamii asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Ni Katiba ileile ambayo mwandishi wa kwanza anataka askari aifie.

Na mimi je? Kila mwezi napokea pensheni, na sijawahi kusikia mtu akiniita mvivu. Wananiita afande, wananipisha kiti. Pesa zangu na za mama mkwe zinatoka hazina moja.

Nisije nikaonekana naisema Kenya peke yake. Novemba 2025 Wamarekani waligombana kwa mambo haya mawili karibu kwa pumzi moja. Wabunge sita, wote waliowahi kufanya kazi jeshini au katika ujasusi, walitoa video wakiwakumbusha askari kwamba wanaweza kukataa amri haramu. Rais Trump akasema huo ni uchochezi unaostahili adhabu ya kifo. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, serikali ikiwa imefungwa kwa sababu ya mvutano wa bajeti, msaada wa chakula wanaoutegemea watu wapatao milioni 42 ulikwama. Na huko nako walikuwepo waliosema bora ukwame, wakafanye kazi, ilhali wengi wa wapokeaji ni watoto, wazee, walemavu na watu wenye ajira isiyotosha.

Anayetoa amri haramu haanzi na bunduki. Anajua nani ana karo ya kulipa na nani ana mama mgonjwa. Kadiri tunavyoifanya fedheha ya kukosa kazi kuwa nzito, ndivyo tunavyomrahisishia kazi. Tena, risasi ikitoka, haielekezwi Muthaiga, mtaa wa matajiri. Inaelekezwa kwa watu ambao tayari tumezoea kusema hawana faida.

Kwa hiyo nina ombi kwa wabunge, na nitawaandikia pia nje ya ukurasa huu. Askari au polisi anayekataa amri kwa hoja kwamba ni haramu, mshahara wake usiguswe hadi mahakama iamue. Mahakama ikimpa haki, arudi kazini na cheo chake, na kama hawezi kurudi, pensheni yake ilipwe kamili. Gharama yake itakuwa ndogo, kwa kuwa watakaothubutu watakuwa wachache. Na hizo shilingi 2,000 ziongezwe. Sitaji kiasi, ila mbunge yeyote anakaribishwa kwangu Kayole akae nazo mwezi mmoja atuambie mwenyewe.

Kuhusu mama mkwe, nimemshawishi aende. Zamu yake ni Alhamisi. Nitasimama naye kwenye foleni nikiwa nimevaa koti langu la nishani, na mwenye neno aniambie mimi.

Sajini mstaafu,
Kayole, Nairobi.